Bi Wahida na Dari la Maternidade

Watu wa Namdimba, kaskazini mwa Msumbiji, walipoanza kurudi kwao baada ya vita, wengi walikuta nyumba zimebaki kuta na majivu. Wahida binti Latifo alikuta ya kwake imesimama. Mlango ulikuwa umeng'olewa na sufuria zote hazikuwepo, lakini paa la makuti lilikuwa juu na dari la boriti lilikuwa mahali pake. Akatua mzigo, akamshukuru Mungu, akakaa ukumbini kupumzisha miguu. Hapo ndipo alipozisikia mbio darini. Hazikuwa mbio za panya mmoja. Zilikuwa kama za watoto wanaotoka chuoni kwa pamoja, na vumbi likamdondokea kwenye mtandio.

"Wamehamia," alisema binti yake Zuleica, akitazama juu.

"Nyumba ilikuwa tupu miaka miwili," Wahida akajibu. "Hata mimi ningehamia."

Wahida alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mjane wa mwaka mmoja. Mumewe Shamte, fundi wa mapaa aliyejulikana toka Quionga mpaka Nhica do Rovuma, alifariki kwa homa katika kambi ya waliokimbia. Alimwachia mfuko wa vyombo: nyundo, koleo, mkasi wa kukatia bati na kamba ya kupimia. Kwa miaka ishirini na mitano Wahida ndiye aliyekuwa akimpa Shamte makuti na kamba kutoka chini. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Hapakuwa na aliyemkataza mwanamke kupanda paa, ila hapakuwa na mwanamke aliyewahi kupanda.

Kutoka kwa dada yake wa Nhica alikuwa amerudi na mbegu ya mpunga, kilo kumi na mbili, mpunga mwekundu wa bondeni ambao mama yao aliupanda. Aliiweka darini, juu ya jiko, kama kila mtu wa pwani ile anavyoweka, ili moshi uzuie wadudu. Mvua ya kwanza iliponyesha akapandisha mkono kuichukua. Gunia lilikuwa limekaa wima vilevile alivyolikalisha. Alipolishika likanywea. Ndani mlikuwa na makapi.

Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alikaa chini na lile gunia magotini, akamwambia Zuleica, "Mwaka huu tutakula mihogo. Lakini hawa nitawajua."

Mwanzo alifanya kama wengine. Alichukua paka kwa jirani yake Zulfa. Paka akala panya wawili, kisha akaona mitaa mingine ina samaki, akaenda zake. Akanunua sumu kwa mchuuzi aliyevuka mto kutoka Tanzania, vidonge vya buluu kwenye karatasi. Panya walikufa kweli, ila walifia ndani ya makuti, mahali mkono haufiki, na nyumba ikanuka wiki mbili mpaka wakawa wanalala uani. Mmoja alitoka akafia njiani, na kuku watatu wa Zulfa wakamdonoa. Wote watatu walikufa. Wahida alimpa Zulfa kuku wake wawili aliokuwa nao, na sumu iliyobaki akaifukia shimoni.

Ndipo akaanza kufanya kitu ambacho watu walikiona cha ajabu. Alichekecha majivu ya jikoni yakawa laini kama unga, akapanda ngazi ya Shamte, akayanyunyiza juu ya boriti, kwenye vichwa vya kuta na pembe zote za upenu. Asubuhi alipanda tena kusoma. Panya walikuwa wameandika walikopita: vidole vinne mbele, vitano nyuma, na mstari wa mkia ukiburuta katikati. Asubuhi ya kwanza hakuelewa kitu. Asubuhi ya tano alikuwa anajua kwamba panya wake hawakuwa mia kama alivyodhani, walikuwa kama kumi na tano. Kwamba walikuwa na njia tatu tu. Na kwamba njia iliyo kubwa kuliko zote haikuanzia ndani ya nyumba kabisa. Ilianzia kwenye mnazi wa uani, ambao kuti lake moja lilikuwa limelala juu ya paa.

"Miaka yote tunawapiga ndani," alimwambia Zulfa, "kumbe daraja tumewajengea wenyewe."

Alikata kuti lile. Nguzo za upenu alizivika mikanda ya bati laini, pana kama shibiri moja na nusu, ili kucha zisipate pa kushika. Bati alilipata kwenye makopo ya mafuta ya msaada, ambayo yalikuwa yamezagaa kijiji kizima. Aliyapasua kwa mkasi wa mumewe, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Matundu ya kwenye vichwa vya kuta aliyapima kwa kidole gumba. Palipoingia gumba, panya mdogo anapita. Aliyashindilia udongo uliochanganywa na chokaa na vigae vya chupa, akapigilia bati juu. Kazi ilimchukua siku kumi na mbili, na siku ya tatu alianguka kutoka kwenye ngazi akachubuka mkono wote wa kulia. Alipomaliza, nyumba yake ilikuwa kimya. Zulfa alikuja akakaa ukumbini kusikiliza ule ukimya, kisha akamwomba apande na kwake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwaka ulipogeuka alikuwa amefunga nyumba tisa, na watu walizoea kumwona Bi Wahida amefunga kanga kiunoni juu ya suruali ya Shamte, misumari mdomoni, akizungumza na mwenye nyumba aliye chini bila kumtazama.

Sasa, Namdimba ina kituo kidogo cha afya, na nyuma yake chumba cha kuzalia, ambacho watu wanakiita maternidade. Kilikuwa na vitanda vitatu, bati juu, na chini ya bati dari la mbao nyembamba. Wakati wa vita kilikaa bila mtu. Kilipofunguliwa, enfermeiro Faustino, muuguzi wa kituo, kijana mpole kutoka Pemba, ule mji wa Msumbiji, aliyekuwa akizalisha na kutibu peke yake, alikipaka rangi na kuosha sakafu, akadhani kimekwisha. Mwezi wa tatu, Mwanahamisi wa mtaa wa bondeni alikuwa amelala pale na mtoto wa siku moja pale panya alipodondoka kutoka kwenye pembe ya dari, akaangukia mguuni pake. Mwanahamisi alimbeba mwanawe akaondoka alfajiri ileile kwa miguu. Kabla ya adhuhuri kila mwanamke alikuwa amesikia.

Tangu siku hiyo vitanda vilikaa vitupu. Wanawake walizalia majumbani. Mwezi wa tano mmoja wao, mke wa mvuvi, alitokwa na damu nyingi nyumbani kwake, na walipomfikisha kwa Faustino hakukuwa tena na la kufanya. Alizikwa jioni ile. Wahida alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Zuleica wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ametoka kwa shida, akafa. Wahida alirudi kutoka mazikoni, akanawa, akamwambia binti yake, "Wewe utazalia maternidade."

"Mama, pale siendi. Nalala nikitazama dari, nitasukuma saa ngapi?"

Wahida hakubishana naye. Asubuhi yake alikwenda kituoni.

Faustino alikuwa anaandika kwenye meza ya nje. "Bom dia, mamã Wahida. Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya panya wako."

Faustino akaweka kalamu chini, na uso wake ukaonyesha kwamba usiku ule hakulala. Alisema ameandika barua wilayani mara tatu kuomba dawa ya kunyunyizia. Ameahidiwa wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo ina miezi miwili. Amepata sumu, anataka kuitupa darini Ijumaa.

"Usitupe," Wahida akasema. "Panya akila sumu hachagui pa kufia. Atafia juu ya kitanda cha mzazi, na mkono wako hautamfikia. Mimi nilifanya hivyo kwangu. Kule kwangu tulilala uani. Mzazi utamlaza wapi?"

"Sasa tufanyeje, mamã?"

"Nipe ngazi na majivu. Na wiki mbili."

Alipanda siku ileile, akapenya kwenye mlango mdogo wa dari na tochi ya Faustino. Chini ya bati palikuwa na joto la tanuri. Alitambaa kwa tumbo juu ya mbao za kenchi, akijua akikosea goti moja atatokea chumbani kwa miguu. Alikuta viota vitano. Vilikuwa vimeshonwa kwa pamba ya hospitali, nyuzi za chandarua, na vipande vya kadi za chanjo za watoto, majina bado yanasomeka. Alizikusanya kadi zile akamshushia Faustino, ambaye alikuwa amezitafuta kila mahali na kuwagombeza wanawake kwamba wanapoteza kadi.

Asubuhi tatu za majivu zilimwambia mengine. Panya wa maternidade waliingilia chini ya bati, pale lilipokutana na ukuta. Bati lile lina mawimbi, na kila wimbi lilikuwa limeachwa wazi, matundu sitini na manne yaliyopangana kama madirisha. Na walipandia kwenye mkungu mkubwa ulioinamia jengo, ambao chini yake watu hungojea zamu.

Aliyepigilia bati lile na dari lile alikuwa Dauto, fundi wa kijiji, aliyewahi kufanya kazi na Shamte. Alikuja siku ya nne, akasimama chini mikono nyuma.

"Shemeji, shuka. Kazi hiyo ya wanaume, utaanguka."

"Nimekwisha kuanguka mara moja, Dauto. Nimeona kukoje."

"Watu wanasema nimejenga vibaya."

"Mimi sijasema hivyo kwa mtu yeyote. Matundu haya kila fundi anayaacha, hata Shamte aliyaacha. Paa linatakiwa lipumue. Ila lipumue kwenye wavu, si kwenye uwazi." Akamwonyesha kipande cha wavu wa chuma alichokuwa akikikunja kufuata wimbi la bati. "Kuna wavu mwingine huko kwako?"

Dauto aliutazama wavu ule. Aliondoka, na Faustino akadhani amekasirika. Kabla ya adhuhuri alirudi na bunda la wavu na kopo la misumari, akaviweka chini ya ngazi, akaondoka tena.

Mkungu nao ulikuwa na kesi yake. Chefe wa bairro, yaani mkuu wa mtaa, mzee Bachir, hakutaka uguswe. Kivuli kile ndicho pekee wagonjwa walichonacho. Wahida alikwenda naye mpaka shinani, akamwonyesha njia ya panya kwenye gome, imesuguliwa mpaka inang'aa. Walikubaliana yakatwe matawi ya upande wa jengo tu, mpaka pawe na nafasi ya hatua tatu, na shina livishwe mkanda wa bati. Kivuli kikabaki upande wa barabara.

Matundu sitini na mawili aliyafunga kwa wavu. Mawili aliyaacha, moja kila upande, na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho watu wa Namdimba bado wanakisimulia. Baba yake, mzee Latifo, alikuwa msukaji wa madema ya samaki. Dema lina mdomo uliosukwa kama koni: samaki anaingia akisukuma ncha za fito, zinafunguka, akishapita zinajirudi, na hawezi kutoka. Wahida alisuka midomo miwili kama hiyo kwa waya, akaiweka kinyume. Panya akitoka nje kutafuta chakula, waya zinampisha. Akirudi, anakuta ncha zimemwelekea usoni.

"Unawavua," alisema Faustino, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka.

"Siwavui. Nawatoa tu, waende wanakojua."

Asubuhi ya kwanza majivu ya nje ya midomo yalikuwa yamechafuka kwa nyayo za kutoka. Ya pili zilikuwa chache. Ya tatu zilikuwa za panya mmoja tu. Ya nne hapakuwa na kitu, wala ndani, wala nje. Wahida aliondoa midomo ile, akayafunga matundu mawili ya mwisho, akashuka, akamwambia Faustino kwamba kazi imekwisha. Faustino akamwomba chefe atangaze msikitini na kisimani. Siku iliyofuata alikuja mwanamke wa kwanza, binamu wa Mwanahamisi, akiwa na uchungu wa mapema, na wanawake wanne wakaja naye ili kumlinda, macho yao yote darini.

Saa nne asubuhi wakasikia. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mlango unaolia mbali. Ikanyamaza, ikaanza tena, juu ya kitanda cha katikati. Wanawake wakasimama. Mmoja akaanza kukusanya kanga.

Faustino alimtuma mtu mbio kwa Wahida. Njiani kote Wahida alikuwa akihesabu asubuhi zake, na kabla hajafika alikuwa ameshaliona kosa. Ule wayo wa peke yake wa asubuhi ya tatu ulikuwa wa mama. Alitoka mwisho kwa sababu alikuwa ananyonyesha, na njaa ilipomtoa hakuweza kurudi. Viota vitano alivitoa, cha sita hakukiona.

Angeweza kusema ni popo. Angeweza kusema ni bati linapata joto. Wanawake wale walikuwa tayari kuamini lolote litakalowaruhusu kukaa. Alisimama katikati ya chumba akasema, "Hili ni kosa langu. Nimefunga kabla ya wakati, na ndani nimeacha vitoto vya panya. Panya mkubwa hakuna, vitoto haviwezi kutembea, havitawaangukia. Naomba mtoke nje mara moja tu, nivitoe. Asiyetaka kurudi, simlaumu."

Kisha akaegemeza ngazi, akang'oa ubao mzima wa dari, wao wakitazama kutoka mlangoni, maana alitaka waone kila kitu kilichokuwa juu ya vichwa vyao. Kiota kilikuwa kimebanwa kati ya kenchi na ukuta, nyuma ya boriti mbili zilizokutana, mahali ambapo mtu anayetambaa hawezi kupaona. Vitoto saba, vyekundu, macho hayajafunguka. Alivishusha kwenye kikapu kilichofunikwa akavipeleka mbali na jengo, na alichovifanyia huko alikifanya mwenyewe, kwa haraka, bila kumpa mtu kazi ile. Alirudi akiwa amenawa. Alimulika tochi pembe zote za dari akiwaita wale wanawake mmoja mmoja wapande ngazi wachungulie wenyewe. Wawili walipanda. Yule aliyekuwa akikusanya kanga alikaa juu muda mrefu kuliko mwenzake, akamulika kila boriti, akashuka akasema, "Hamna kitu. Mrudisheni ndani alale."

Mtoto alizaliwa alasiri. Wahida alibaki kupigilia ubao wake, taratibu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa ili isimshtue mzazi.

Baada ya hapo aliongeza kitu kimoja kwenye kazi zake zote: haondoi midomo ya waya mpaka zipite siku saba bila nyayo, na kabla ya kufunga hupanda mara mbili, mara ya pili akianzia upande mwingine. Hueleza sababu kwa kila mwenye nyumba, akitaja kosa lake na siku lilipotokea, ingawa hakuna anayemuuliza.

Zuleica alikwenda maternidade wiki saba baadaye. Uchungu ulikuwa mrefu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya kama wa kwanza, ila safari hii Faustino alikuwepo, akaona mapema, akaita gari kutoka hospitali ya Palma kabla hali haijaharibika. Mtoto alizaliwa huko salama, msichana. Zuleica alipoulizwa na wenzake kama aliogopa, alisema aliogopa mambo mengi siku ile, ila juu hakukumbuka kutazama. Hadi mwaka ule ulipokwisha, wanawake thelathini na mmoja walikuwa wamezalia pale. Ghala la nyuma ya kituo bado lina panya. Wahida amesema wazi kwamba ghala lile, lenye kuta za fito, haliwezi kufungika, libomolewe lijengwe upya, na hilo bado linangojea.

Dauto hakuwahi kusema kwamba alikosea. Lakini nyumba aliyojenga mwezi wa kumi kwa mwanawe Suleimane, watu waliona mawimbi yote ya bati yana wavu kabla hata mlango haujawekwa.

Hivi karibuni wanawake wa Nhica do Rovuma wenye mashine ya kusaga nafaka walimwita. Alikwenda na mfuko wake wa vyombo, nyuma ya pikipiki, ngazi akaazima kulekule. Walimkalisha, wakampa chai, wakamwonyesha paa la nyumba ya mashine wakimngojea apande. Wahida alimaliza chai yake, akawatazama, akauliza ni nani kati yao asiyeogopa kwenda juu.

Walitazamana. Mwishowe akainuka mmoja, Mwanaharusi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, akasema yeye huwa anapanda minazi ya marehemu baba yake, ila watu hawajui.

"Basi leo wamejua," Wahida akasema, akamfunga mfuko wa Shamte kiunoni.

Alisimama chini na mkono mmoja kwenye ngazi, akimwambia pa kuweka goti, pa kumulika, asiamini pembe yoyote aliyoiona kutoka upande mmoja tu. Mwanaharusi akapotelea chini ya bati. Kwa muda walisikia kutambaa tu. Kisha sauti yake ikatoka kule ndani, si ndogo tena, ikisema ameona tundu, halafu ikasema gumba linaingia, halafu ikaomba bati.